Unga wa Kuchezea na Mtoto Asiyekula Ngano

Mwalimu Neema, aliyerithi darasa langu, meza yangu na kiti changu chenye mguu mmoja mfupi, ameniomba niandike ninayoyakumbuka ili walimu wachanga wasome. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina mtu wa kumwambia akae chini, na karatasi angalau haiinuki. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Nilipandishwa cheo mara moja tu, na mpaka leo naamini walimkusudia mwalimu mwingine. Nitaandika kuhusu watoto, unga, na kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu miwili huku nikijisifu.

Chekechea yetu iko ghorofa ya kwanza, katikati ya Kariakoo, juu ya maduka ya ndoo na mabeseni. Spika za wauza nguo huanza kupiga kelele huko chini kabla sisi hatujaimba wimbo wa asubuhi. Watoto wetu wengi ni wa wafanyabiashara, kwa hiyo wanajua kumkaribisha mteja kabla hawajajua kufunga vifungo vya shati. Mwalimu mgeni asishangae akiingia darasani na kuambiwa, "Karibu mama, ingia ndani uchague." Mimi nilishangaa, nikachagua kiti kilichokuwa na uji.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vya visigino virefu. Aliyenipokea ni Mwalimu Perpetua, mama wa Songea, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniamkua vizuri, akaviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi.

"Mwanangu, hivyo ni vya harusi au vya kazi?"

"Vya kazi, mwalimu."

"Haya. Tutaviona saa nne."

Saa nne nilikuwa pekupeku. Kiatu cha kulia kilikuwa lori la bandarini lililobeba makontena ya viberiti, na cha kushoto kilikuwa kimepotea kabisa. Tulikikuta kesho yake ndani ya pipa la maji ya kunawa. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu nimefundisha na kandambili.

Mwalimu Perpetua hakunifundisha mengi kwa maneno. Alinionyesha jinsi ya kupika gundi ya unga kwenye sufuria bila mabonge, jinsi ya kumnyamazisha anayelia kwa kumpa kazi ya kumnyamazisha mwingine, na jinsi ya kulala dakika tano ukiwa umekaa wima. Lakini jambo moja alilirudia karibu kila wiki. "Wewe unawaangalia midomo," alikuwa akiniambia. "Mdomo wa mtoto wa miaka mitano unaweza kusema lolote. Angalia mikono." Nilimwitikia ndiyo mwalimu, kama vijana wanavyowaitikia wazee, na nikaendelea kuangalia midomo kwa miaka mingi.

Alipoondoka yeye nikawa mkubwa wa darasa, na hapo ndipo nilipoanza kujulikana kwa unga wangu. Sizungumzii unga wa kula. Nazungumzia unga wa kufinyanga. Ule wa dukani unakauka upesi na una harufu ya mafuta ya taa, kwa hiyo mimi niliukanda wangu: vikombe vinne vya unga wa ngano, viwili vya chumvi, mafuta kidogo, maji ya moto, na rangi ya waridi ile ya kutia kwenye keki. Ulikuwa laini, haushiki vidoleni, na ukiufunika vizuri unakaa wiki nzima. Walimu wa shule nyingine walikuwa wakija kuuomba, nami nilikuwa nikiwapa na kuwaficha kipimo cha chumvi.

Kila Alhamisi tulikuwa na mchezo wa soko. Tunasogeza meza ukutani, watoto nusu wanakuwa wauzaji na nusu wateja, na unga wangu wa waridi unageuka maandazi, samaki, nyanya, simu, na siku moja ukageuka jino la bandia. Mfalme wa soko hilo kwa wakati ninaousimulia alikuwa Yusufu, mtoto wa muuza viungo. Alikuwa na miaka mitano na sauti ya mtu wa hamsini. Yusufu aliweza kumuuzia mwenzake kipande cha unga, akakichukua tena mteja akiwa amegeuka, na akamuuzia tena.

Basi miaka saba iliyopita akaja Salha. Aliletwa na mama yake, ambaye ana duka la vitenge mitaa miwili kutoka shuleni. Mtoto alikuwa na miaka mitano lakini ukimwangalia ungempa mitatu. Mikono myembamba, tumbo limetangulia mbele, macho makali. Mama alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, huyu mwanangu hali ngano. Si kwamba hapendi. Mwili wake haukubali kitu kinachoitwa gluteni, kimo kwenye ngano na shayiri. Akila hata kidogo utumbo unaharibika. Anaharisha, tumbo linamjaa, na hakui."

"Hata andazi moja?"

"Hata punje ya andazi, mwalimu."

Nitasema ukweli kwa sababu nimeshastaafu na hakuna wa kunifukuza. Moyoni nilijisemea, haya ndiyo maringo ya siku hizi. Kariakoo nzima inaamka na chapati na maandazi, huyu mtoto ametokea wapi? Mdomoni nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, kwetu hapa atalindwa kama yai. Yule mama aliniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nirekebishe kanga yangu.

"Mwalimu, hii ni shule ya tatu," akasema. "Wote waliniambia hivyohivyo."

Hilo lilinigusa mahali pabaya, maana sipendi kufananishwa. Nikaamua kuwaonyesha hao wa shule mbili za kwanza jinsi kazi inavyofanywa. Salha akapewa kikombe chake chekundu na sahani yake yenye mfuniko. Akawa anakuja na chakula cha nyumbani, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha, wali na maharage. Wakati wa kula alikaa pembeni yangu, upande wa kushoto, na niliwatangazia wote kwamba atakayempa Salha andazi atafagia darasa mpaka ndevu zimwote. Baada ya chakula nilifuta meza mwenyewe. Salha naye nilimweka chini nikamwambia, "Usile chakula cha mtu yeyote. Ukipewa, sema hapana asante." Akaitikia kwa kichwa, na nitakiri kwamba hakuwahi kulivunja agizo hilo hata siku moja.

Wiki ya kwanza alihudhuria siku nne. Ya pili siku nne. Ya tatu siku nne. Kila Ijumaa hayupo. Mimi na akili zangu nikadhani familia inamtoa mapema kwenda kwa bibi yake Bagamoyo, nikapanga kumpa mama maneno mawili kuhusu utoro. Kabla sijayatoa, mama akapanda ngazi zetu Jumatatu moja, amemshika Salha mkono. Mtoto alikuwa amepauka, midomo imekauka.

"Mwalimu, anakula nini hapa?"

"Anachokuja nacho, mama. Naapa."

"Kila Alhamisi usiku anaumwa tumbo. Ijumaa hawezi kusimama. Jumapili anapata nafuu, Jumatatu namleta kwako, Alhamisi tunaanza upya." Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angeipandisha. "Ikitokea tena namtoa. Na safari hii simpeleki shule nyingine. Atakaa na mimi dukani."

Salha alikuwa amesimama kati yetu akiiangalia kona ya soko, mahali tunapoweka meza siku ya Alhamisi. Nilijua anachofikiria, maana siku hiyo ya soko ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Nilimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Uoga wangu ulinifanya mpelelezi. Wa kwanza kumshuku alikuwa mama muuza maandazi anayekaa mlangoni kwetu. Nilisimama nyuma ya pazia asubuhi mbili nikimchungulia, mpaka akanipungia mkono na kuniuliza kama nataka ya moto. Wa pili alikuwa Yusufu. Nilimwita kwenye meza yangu nikamkazia macho.

"Yusufu, umempa Salha andazi?"

"Hapana mwalimu."

"Chapati?"

"Hapana."

"Umempa nini?"

Akafikiri. "Nilimpa bei nzuri."

Nikamwachia aende. Nilipekua mifuko, nikanusa vikombe, nikamhoji hata mlinzi, mzee wa watu, ambaye aliniambia yeye mwenyewe hajaona andazi siku tatu. Ikafika Alhamisi na mimi sijapata kitu. Ningeweza kumweka Salha nje ya mchezo, lakini chakula hakikuwa mezani wakati wa soko, kwa hiyo sikuona sababu. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni, nikawa sina la kufanya. Ndipo nilipomkumbuka Mwalimu Perpetua na nikaacha kuangalia midomo.

Yusufu alikuwa amepanga maandazi kumi na mawili ya waridi. Salha akaja na kikapu chake cha ukili, amejifunga kipande cha kitenge cha mama yake.

"Karibu mteja wangu. Ya moto hayo."

"Yameiva kweli?"

"Onja kwanza, mteja."

Mtu wa mji wetu hahitaji kuelezwa, lakini Mwalimu Neema ametokea Njombe, kwa hiyo naeleza. Hapa sokoni watu wanaonja. Ukienda kununua mchele muuzaji anakutilia punje kiganjani unatafuna. Tende unaonja, karanga unaonja, samli unapakwa nyuma ya mkono. Mteja asiyeonja anaonekana mgeni, na mgeni anapandishiwa bei. Watoto wa Kariakoo wanalijua hilo tangu wakiwa mgongoni. Basi mkono wa Salha ukaenda, ukamega kipande cha andazi la waridi kama kidole, ukakipeleka mdomoni. Akatafuna kwa makini. Akatema kidogo, akameza kilichobaki, akasema, "Chumvi imezidi. Punguza bei."

Nilisimama na kile kiti kikasimama na mimi, maana kilikuwa kimenibana.

"Salha. Si nilikuambia usile vya watu?"

Alinishangaa kwelikweli. "Mwalimu, hiki siyo chakula. Hiki ni mchezo."

Na alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemkataza chakula, naye hakula chakula. Alikuwa anafanya soko kama nilivyomfundisha, na ule unga niliujua mimi, kwa sababu niliukanda mimi, vikombe vinne vya ngano nyeupe, kila Jumatano jioni, nikiimba. Nikaigeukia meza nyingine nikaona sufuria ya gundi ya ngano, na mtoto mmoja akiilamba kijitini. Nilikuwa nimelinda meza ya chakula kwa siku tatu za wiki na ya nne nikamlisha sumu yake kwa rangi ya waridi. Sijawahi kujichukia kazini kama siku ile.

Hapa walimu wachanga wasikilize. Njia ya kutokea ilikuwepo. Ningeutupa ule unga, ningetengeneza mwingine, mtoto angepona, na mama angeamini ni Mungu. Niliwaza hivyo kuanzia darasani mpaka ngazi ya chini. Halafu nikapata picha ya mwalimu mwingine, wa darasa la kwanza, naye anakanda ngano yake huku mama hajui pa kuangalia. Nikavaa kandambili zangu nikaenda dukani kwake mchana uleule.

Alikuwa anampimia mteja kitenge. Nikangoja. Mteja alipoondoka nikamwambia, "Mama Salha, ni mimi." Akadhani napiga hodi. "Anayemuumiza Salha," nikasema, "ni mimi." Nikamweleza kuhusu unga, gundi, soko na kuonja.

Alikaa kwenye jora la kitenge.

"Leo amekula?"

"Kipande cha ukubwa huu."

"Basi leo hatulali." Akavuta pumzi. "Shule ya kwanza waliniambia ana minyoo. Ya pili wakaniambia kuna mtu kamwangalia vibaya, nimtafutie mtaalamu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia 'ni mimi.'"

Nilitaka kusema samahani nikakuta machozi yamenitangulia. Akanipa kipande cha kitenge nijifute, kilikuwa kizuri na sikukirudisha. Kisha akasema, "Nakupa mpaka shule zifungwe, mwalimu. Akiumwa tena kwa ajili ya shule, namtoa." Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Nikatupa unga wote wa waridi. Nikaosha meza, vikapu, vibao vya kusukumia, na kila kitu kilichowahi kuguswa na ngano, na vibao vya mbao vyenye nyufa nikavitoa kabisa. Nikanunua mchele kilo mbili nikaupeleka mashineni kusaga. Kijana wa mashine alikuwa mweupe tangu nywele hadi viatu.

"Mwanangu, hii mashine imesaga nini kabla yangu?"

"Ngano, mama."

"Na kabla ya ngano?"

"Ngano."

"Ukiisafisha vizuri?"

Akacheka. "Mama, hii tangu ifungwe hapa haijawahi kuwa safi. Kwani unapika nini?"

"Sipiki. Nataka kuuchezea."

Akaniangalia, akamwangalia mwenzake. Nikabeba mchele wangu nikarudi nyumbani, nikatoa kinu cha marehemu mama, nikatwanga mwenyewe. Wiki ya kwanza majirani waliniuliza harusi ni lini. Wiki ya pili waliniuliza bwana harusi ni nani.

Unga wa mchele peke yake unakatika. Samaki wa kwanza walikuwa hawana mikia, na Yusufu alinilalamikia mbele ya darasa kwamba mzigo wa siku hizi ni feki. Nikachanganya na wanga wa muhogo, maji ya moto sana, mafuta ya nazi, na hapo ukashikana. Gundi nayo nikaipika kwa muhogo, na ni nzuri kuliko ya ngano, inashika mpaka unajuta. Hicho ndicho kipimo ninachomwachia Mwalimu Neema, na safari hii chumvi nimeiandika.

Ila unga safi haukutosha. Salha angefika darasa la kwanza, na huko kuna mwalimu mwingine na unga mwingine. Ilibidi ile tabia ya kuonja iishe. Nikatumia ujanja wa mama zetu wa kumwachisha mtoto ziwa, nikachemsha mwarobaini na kutia maji yake kwenye unga. Nilikuwa na furaha mbaya siku hiyo, nakiri. Yusufu alionja wa kwanza, akakunja uso, akanyamaza dakika kumi nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Halafu akatangaza kwamba anayeweza kula andazi chungu bila kutoa machozi ni mwanamume. Wakapanga foleni mpaka mlangoni. Wasichana wawili walishinda.

Nikaona nikipigana na soko nitashindwa, maana soko lilikuwepo kabla yangu. Nikaamua kulitumia. Watoto wetu wanamwogopa mtu mmoja tu kuliko polisi, naye ni bwana afya, yule anayepita kukagua migahawa na kufunga iliyo michafu. Nikakata kadi ya boksi, nikaandika BIBI AFYA, nikaitia kamba, nikamvisha Salha shingoni. Nikamfundisha maswali matatu ya kuuliza kabla ya mkono wake kugusa kitu chochote. Kimetengenezwa na nini? Kimesagwa wapi? Chombo hiki kilipika nini kabla? Asiporidhika, anasema, "Duka limefungwa mpaka lisafishwe," na hakuna rufaa.

Mtoto mdogo kuliko wote darasani akafunga maduka manne siku ya kwanza. Alitembea polepole, mikono nyuma, akiinama kunusa. Yusufu alijaribu kumhonga kwa simu ya unga, akafungiwa kwa kuhonga, kosa ambalo mimi sikulitaja popote. Muda si mrefu kila mteja alikuwa anauliza maswali matatu, kwa sababu kumbana muuzaji kwa maswali ni kutamu kuliko kuonja. Alhamisi moja Salha alisimama mbele yangu, akaniangalia kanga, akaweka kidole kwenye vumbi jeupe kiunoni.

"Mwalimu, hii nini?"

Nilikuwa nimekanda chapati nyumbani alfajiri. Nikapelekwa nje ya darasa langu mwenyewe kubadilisha kanga, watoto thelathini wakinizomea, na tangu siku hiyo nilikuwa na kanga ya shule isiyofika jikoni kwangu.

Ijumaa ya kwanza baada ya soko la unga mpya Salha alikuja. Nilihesabu watoto mara mbili kuhakikisha. Ijumaa ya pili akaja, ya tatu akaja. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga, mama yake akapanda ngazi, nami nikaanza kukumbuka kila nilichokigusa. Alikuwa ameshika sare ya Salha. Akaitandaza mezani kwangu. Pindo lilikuwa limefumuliwa lote, hakuna kitambaa kilichobaki cha kushusha.

"Imefupika, mwalimu," akasema. "Miaka miwili nilikuwa namvalisha nguo zilezile. Imefupika."

Tuliishika ile sare wawili, mimi upande huu na yeye upande ule, tukawa tunacheka kama watu waliookota kitu. Salha akabaki shuleni.

Mengine mengi yalitokea baadaye, na baadhi Mwalimu Neema asiyajue. Naruka mpaka siku yangu ya kuagwa, mwezi uliopita. Wenzangu walipamba darasa, wakaleta keki, na mimi kwa kiherehere changu niliamka mapema kupika. Nilikaanga maandazi ya walimu. Halafu, kwa kuwa Mama Salha alikuwa ameniahidi kuja na binti yake, nikapika vitumbua vya Salha pekee. Mchele niliuloweka mwenyewe, nikautwanga kwenye kinu kilekile, nazi nikaikuna, na chuma cha vitumbua kilikuwa kipya, nilikinunua kwa ajili hiyo. Nikavitia kwenye sahani yenye mfuniko na kuibeba mapajani njia nzima.

Salha sasa yuko darasa la sita. Amenipita urefu, jambo ambalo halina ugumu. Akanipa shikamoo, akanikumbatia, nami mbele ya watu wote nikafunua sahani yangu.

"Hivi ni vyako peke yako."

Watu wakapiga makofi. Akaviangalia kwa hamu, niliiona hamu yake. Mkono wake haukutoka mahali ulipokuwa.

"Asante mwalimu. Vimetengenezwa na nini?"

"Mchele na nazi."

"Umesagwa wapi?"

"Kinuni kwangu."

"Chuma kilipika nini kabla?"

"Kipya," nikasema, kifua kimejaa. Nikanyoosha sahani mbele.

"Na mafuta?"

Hilo la nne sikumfundisha mimi. Nikafungua mdomo nijibu, nikaliona akilini karai langu la alfajiri, maandazi yametoka, na mimi naudhika kumwaga mafuta mazuri, nachota kijiko baada ya kijiko kwenda kwenye chuma kipya. Mama yake akamgusa bega, uso umejaa aibu.

"Salha, mwalimu amekupikia mwenyewe."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimeuliza."

Akalingoja jibu langu. Hakunikazia macho, alingoja tu kwa adabu, akijua kwamba nitasema kweli.

"Mafuta ni ya maandazi," nikamwambia.

Akachukua mfuniko mkononi mwangu, akaufunika vizuri juu ya vitumbua, akaniinamia sikioni ili wengine wasisikie.

"Basi mwalimu, duka limefungwa mpaka lisafishwe."

Nilifurahi mpaka nikakaa chini, na kwa bahati mbaya nilikaa kwenye keki.